Umri wa Picha: Je, Hii Ilipigwa Wakati wa Mjerumani?

MASWALI YA WASOMAJI

Swali

Ndugu Mwandishi, assalaam aleikum. Baada ya arubaini ya bibi yetu tulifungua sanduku lake la nguo hapa Chumbageni, Tanga, na chini kabisa tukakuta picha moja ya rangi ya kahawia, ndogo kiasi cha kiganja. Ameketi mwanamume wa makamo aliyevaa kanzu, koti na kofia. Nyuma yake amesimama mwanamke aliyejifunga kanga, na kando yao kuna mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa hivi. Mbele ya mwanamume huyo kuna meza ndogo yenye kitu mfano wa kijisanduku. Wazee wetu wanashikilia kwamba picha ilipigwa wakati wa Mjerumani, na kwamba aliyeketi ni baba yake bibi, ambaye ukoo mzima unajua kuwa alikuwa mtu mzima akifanya kazi ya reli pale treni ilipofika Mombo. Nyuma ya picha kuna muhuri wa rangi ya zambarau, lakini kona imechanika, na kinachosomeka ni STUDIO, kisha P.O. BOX, na chini yake TANGA, TAN. Nimekutumia nakala za pande zote mbili. Je, inawezekana kuujua mwaka wa picha ikiwa hatumpati hata mtu mmoja aliyekuwepo?

Msomaji, Chumbageni, Tanga

Jibu

Wa alaikum salaam, ndugu msomaji, na poleni sana kwa msiba. Inawezekana, ingawa mara nyingi hatuupati mwaka mmoja kamili bali tunaufungia kati ya miaka miwili, wa mwanzo na wa mwisho. Picha yenu si ya wakati wa Mjerumani. Kwa ninavyoiona, ilipigwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960, yaani zaidi ya miaka arobaini baada ya Waingereza kuingia Tanga mwezi Julai 1916. Naomba nieleze kwa urefu nilivyofika hapo, kwa sababu sanduku lenye picha moja kwa kawaida huwa na nyingine, na njia ni ileile.

Nianze na rangi, kwa kuwa nadhani ndiyo iliyowapoteza wazee. Tumezoea kuamini kwamba picha ya kahawia ni kongwe na picha nyeusi na nyeupe ni ya juzijuzi, kumbe kahawia ina asili zaidi ya moja. Picha nyingi za karne ya 19 zilichapwa juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, na hizo kweli huwa na kahawia inayoelekea zambarau, huku sehemu zake nyeupe zikigeuka manjano. Baadaye wapiga picha walikuwa na dawa ya kuigeuza picha nyeusi kuwa ya kahawia kwa makusudi, kwa sababu wateja waliipenda na kwa sababu picha ya namna hiyo hudumu zaidi. Ipo pia kahawia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomo katika picha yenu: kahawia ya picha iliyosafishwa kwa haraka. Picha inapotolewa katika dawa ya mwisho chumbani mwa giza inapaswa kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, na kwa muda mrefu. Isipooshwa vya kutosha, mabaki ya dawa yenye salfa huendelea kuila ile fedha inayoifanya picha ionekane, na joto na unyevu wa pwani yetu huiharakisha kazi hiyo. Ushahidi wangu ni kwamba kahawia ya picha yenu haiko sawasawa. Imekolea upande wa kushoto na kwenye kona ya chini, lakini bega la mtoto na mguu wa meza bado ni vyeusi vya kawaida, jambo lisilotokea kwa picha iliyotiwa kahawia kwa makusudi. Studio iliyokuwa na foleni ya wateja siku ya Idi haikuwa na nafasi ya kuiosha kila picha saa nzima, na siwezi kuilaumu.

Tukishaiweka rangi kando, kanuni ninayoifuata ni ya kutafuta kitu kilicho kipya kuliko vyote ndani ya picha. Vitu vikongwe havithibitishi lolote, kwa maana kiti hurithiwa, kofia hutunzwa, na mzee wa miaka sitini huendelea kuvaa koti aliloshonewa akiwa na miaka thelathini. Kitu kimoja kipya, hata kiwe kidogo namna gani, kinabatilisha ushahidi wa vitu kumi vikongwe, kwa kuwa hakiwezekani kupigwa picha kabla hakijatengenezwa. Watu wengi hufanya kinyume chake: huona kanzu na kiti cha kuchonga, wakaridhika, wasiangalie tena.

Katika picha yenu kitu hicho kipya ni kile mlichokiita kijisanduku. Nilikikuza hadi kikajaa kioo cha kompyuta, na kinaonyesha mambo matatu: upande mmoja una matundu madogo yaliyopangwa kwa safu, upande wa pili una duara lenye alama za namba, na juu kuna mkanda wa ngozi wa kushikia. Hiyo ni redio ndogo ya transista, tena iliyovalishwa mfuko wake wa ngozi. Redio za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1954. Kabla ya hapo redio ilitumia taa za kioo, ikahitaji umeme wa nyumba au betri kubwa, na hakuna ambaye angeiweka juu ya kimeza cha maua. Isitoshe, utangazaji wa Dar es Salaam wenyewe ulianza mwaka 1951, kwa hiyo wakati wa Mjerumani hapakuwa na cha kusikiliza. Tukihesabu miaka michache ya redio hizo kushuka bei na kufika madukani kwetu, tunapata mwishoni mwa miaka ya 1950, na huo ndio mpaka wetu wa mwanzo. Sisemi kwamba redio ilikuwa mali ya aliyeketi. Studio nyingi ziliazima wateja redio, saa, tai na hata koti, na yawezekana redio hiyohiyo imo katika picha za watu mia moja wa Tanga. Kwa kazi yetu haidhuru ilikuwa ya nani.

Miguu ya mtoto inasema vivyo hivyo. Mama amemvalisha shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaonekana, lakini chini mtoto amevaa kandambili za mpira, na viatu hivyo vilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliyepanga watu mbele ya kamera aliangalia nyuso, hakuangalia sakafuni, na ndiyo maana mimi huanza kuangalia sakafuni.

Kuhusu mavazi yaliyobaki sina mengi. Kanzu na kofia hazinipi mwaka, kwa kuwa mwanamume wa pwani alizivaa mwaka 1900 na anazivaa leo. Kanga ya mama inanipa kidogo zaidi, kwa sababu kwenye mkunjo wa kiunoni kunaonekana vipande vya maandishi, nayo ni ya herufi za Kilatini, ilhali kanga za miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyotakiwa, na hilo linatuhakikishia pia kwamba picha haikuchapwa kwa kugeuzwa upande, kosa ambalo hutokea na ambalo huwafanya watu wabishane bure mkono upi ulivaa saa. Kwa picha nyingine, waangalieni kwanza wasichana na vijana, si wazee, kwa maana ndio wanaofuata mitindo. Ukosi wa gauni au upana wa mguu wa suruali ya kijana unaweza kukupa muongo mmoja, wakati koti la baba yake halikupi hata nusu karne.

Sasa tuigeuze picha, na ninawasihi wasomaji wote wafanye hivyo kabla ya kuuliza, kwa sababu mara nyingi mgongo wa picha una habari nyingi kuliko uso wake. Muhuri wenu umeandikwa kwa Kiingereza, na hilo peke yake linaondoa wakati wa Mjerumani. Baada ya hapo tunakwama mahali pa kuvutia, kwa kuwa TAN ni mwanzo wa Tanganyika na ni mwanzo wa Tanzania pia, na tofauti ya majina hayo mawili kwetu ni tofauti ya tarehe: Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Karatasi imechanika palepale. Hata hivyo, mkiikuza nakala mliyonitumia mtaona kwamba baada ya N kumebaki alama ndogo ya wino kwenye ukingo wa mpasuko, na alama hiyo ni tao linalopinda kwenda kushoto, si mstari mnyoofu wa juu. Herufi Z huanza kwa mstari mnyoofu. Tao hilo ni mgongo wa herufi G. Muhuri ulisema Tanganyika.

Msihitimishe hapo, lakini, kwamba picha lazima iwe ya kabla ya Oktoba 1964. Muhuri wa mpira uligharimu fedha, na mwenye studio hakuutupa siku jina la nchi lilipobadilika; yawezekana aliendelea kuugonga mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana nimeuweka mpaka wa mwisho katikati ya miaka ya 1960 badala ya kuukata kwa tarehe. Studio yenye muhuri wa Tanganyika mwaka 1966 si ajabu. Yenye muhuri huo mwaka 1975 ingenishangaza.

Mpasuko wenyewe nao ni shahidi. Pale kona ilipochanika, nyuzinyuzi nyeupe za karatasi zimetokeza, na hazikufunikwa na utando wowote wa plastiki. Karatasi za picha zilizofunikwa plastiki pande zote mbili, zile ambazo hazinywi maji na hukauka upesi, zilienea katika miaka ya 1970, na ukizichana huacha ukingo laini unaovutika. Kwa upande mwingine, picha ya ute wa yai ingekuwa nyembamba mno kiasi cha kujikunja yenyewe, na kwa sababu hiyo karibu zote zilibandikwa juu ya kadi nene yenye jina la mpiga picha kwa chini, mara nyingi kwa herufi za dhahabu. Waliokuwa Zanzibar, mathalani A. C. Gomes, walitoa picha za kadi za namna hiyo, na ukiiona moja huwezi kuichanganya na hii yenu. Ukingo wa picha yenu, tena, umekatwa kwa mawimbi madogo pande zote nne na umeachiwa fremu nyeupe; ukataji huo ulipendwa tangu miaka ya 1930 hadi 1960. Peke yake haufungi lolote, lakini haupingani na yaliyotangulia.

Kuna jaribio moja ambalo siwezi kulifanya kwa nakala ya simu, nanyi mnaweza kulifanya kwa dakika chache. Nendeni na picha kwa duka au wakala wa fedha mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti, mwombe azime taa ya chumba, mwiweke picha chini ya taa hiyo kifudifudi na kisha kichalichali. Viwanda vilianza katika miaka ya 1950 kuchanganya kwenye karatasi za picha kemikali ya kuufanya weupe uonekane mweupe zaidi, na kemikali hiyo huwaka rangi ya buluu isiyokolea chini ya taa ya namna hiyo, kama linavyowaka shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Karatasi ikiwaka, hakuna tena mjadala wa Mjerumani. Isipowaka, msifikiri kwamba mmeshindwa, kwa sababu karatasi nyingi za baadaye hazikutiwa kemikali hiyo. Kutowaka hakuthibitishi ukongwe.

Nilibakiza watu wenyewe, kwa makusudi, maana nyuso hutuvuta kuona tunachotaka kuona. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kama baba yake bibi alikuwa mtu mzima wakati huo, tuseme wa miaka ishirini, basi ifikapo mwaka 1960 angekuwa na miaka sabini na mitano. Aliyeketi katika picha yenu ana nywele nyeusi kwenye panja na mikono isiyo na makunyanzi. Mimi ningempa miaka arobaini, na nikimwongezea sana, hamsini. Hawezi kuwa yeye. Anaweza kuwa mtoto wake, na mahali ambapo mjukuu hupewa jina la babu na binamu wawili wakaitwa jina moja, si vigumu kuona jinsi jina lililotajwa juu ya picha lilivyohama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine bila yeyote kusema uongo. Ningependa pia mmwangalie tena yule mwanamke aliyesimama. Picha ilitunzwa sandukuni mwa bibi yenu, chini kabisa, na hesabu ya miaka inaruhusu kwamba huyo ni bibi yenu mwenyewe alipokuwa kijana, na aliyeketi ni mumewe au kaka yake. Linganisheni masikio, kwa kuwa umbo la sikio halibadiliki sana mtu anapozeeka, tofauti na mashavu. Na mtoto wa kandambili, kama yu hai, leo ana miaka sabini na kitu. Isije ikawa yeye ni mmoja wa hao wazee wanaosema picha ilipigwa wakati wa Mjerumani.

Mkitaka kuufinya zaidi mwanya wa miaka, tumieni pazia. Nyuma ya watu wenu kuna pazia lililochorwa ngazi na nguzo na minazi, na upande wa kulia, juu kidogo ya kichwa cha mtoto, rangi imebanduka na kuacha doa lenye pembe tatu. Pazia la studio lilitumika miaka mingi na halikurudi kuwa jipya. Ulizeni majirani wa Chumbageni na ndugu wa Ngamiani kama wana picha zenye pazia hilohilo ambazo tarehe zake zinajulikana, za harusi kwa mfano, au zilizobandikwa kwenye cheti au kitabu chenye tarehe. Ikiwa katika picha ya harusi ya mwaka fulani pazia bado ni zima, picha yenu ni ya baada ya harusi hiyo; ikiwa doa limekua na kuila ngazi, yenu imetangulia. Picha mbili au tatu za namna hiyo zitawafikisha karibu na mwaka wenyewe kuliko maelezo yangu yote. Mkishaupata, andikeni nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, na msiipeleke picha kuwekwa plastiki ya moto.

Swali

Mwandishi mheshimiwa, mimi naishi Bagamoyo na nimenunua kadi ya posta kutoka kwa mtu anayeuza vitu vya kale. Upande wa mbele kuna picha ya jengo la Boma. Nyuma kuna mstari katikati, kushoto ujumbe wa Kijerumani na kulia anwani ya mtu, pamoja na stempu ya heller 4. Muhuri wa posta haukushika vizuri na mwaka hausomeki. Muuzaji aliniambia ni ya mwaka 1890. Nimepunjwa?

Msomaji, Bagamoyo

Jibu

Bei sikuijua, kwa hiyo la kupunjwa sitalijibu, lakini mwaka uliotajiwa si sahihi. Boma la Bagamoyo ni la mwaka 1897, na hakuna aliyeweza kulipiga picha miaka saba kabla. Stempu inatusogeza mbele zaidi. Wajerumani hapa kwetu walitumia rupia iliyogawanywa kwa pesa 64, na stempu zao ziliandikwa pesa. Stempu za heller, ambazo 100 hufanya rupia moja, zilitoka mwaka 1905. Mstari wa katikati unakubaliana na hilo, kwa sababu Ujerumani iliruhusu ujumbe kuandikwa upande wa anwani mwaka huohuo wa 1905. Kabla ya hapo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tupu, na mwenye salamu alizibana kwenye ukingo wa picha, ndiyo maana kadi za zamani zaidi zina maandishi juu ya mbingu na bahari. Kwa hiyo kadi yako ilitumwa kati ya mwaka 1905 na mwisho wa utawala wa Wajerumani, na kwa kuwa vita vilivuruga safari za meli tangu mwaka 1914, nina imani zaidi na miaka ya kabla yake.

Tafadhali utenganishe, hata hivyo, kadi na picha iliyochapwa juu yake. Wachapaji waliinunua picha nzuri mara moja wakaiuza kwa miaka mingi, kwa hiyo inawezekana kamera ilisimama mbele ya Boma mwaka 1898 na kadi ikapelekwa posta mwaka 1910. Chukua kioo cha kukuzia, au mwazime fundi saa chake, uangalie mbingu: ukiona vitone vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni kazi ya mtambo wa uchapaji na ilitolewa kwa wingi, ukiona kijivu kinachoyeyuka taratibu bila vitone, huenda ni picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya kadi, na hizo ni chache zaidi.

Ukipata kadi nyingine ya mji wako, majengo ya Misheni yatakusaidia sana. Kanisa la kwanza la Mapadri wa Roho Mtakatifu ni la mwaka 1872, na kanisa kubwa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Picha inayoonyesha la kwanza na uwanja mtupu mahali pa la pili ni ya kabla ya ujenzi huo. Lakini simama kwanza mahali aliposimama mpiga picha, uhakikishe kwamba kutoka hapo kanisa kubwa lingeonekana, maana jengo linaweza kukosekana katika picha kwa sababu tu kamera haikulielekea.

Swali

Shikamoo Mwandishi. Kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Muheza inazunguka picha ya rangi inayoonyesha treni ikipita katikati ya mashamba ya mkonge, na chini imeandikwa «Tanga 1885». Baadhi ya watu wanasema ni ya kweli kwa sababu imekwaruzika sana. Nimeangalia taarifa za faili kwenye simu nikaona tarehe ya mwezi uliopita. Ukweli ni upi?

Msomaji, Muheza

Jibu

Marahaba. Tarehe uliyoiona ni ya siku faili lilipohifadhiwa katika simu yako, haihusiani na picha. Mikwaruzo nayo usiitegemee hata kidogo, kwa sababu programu za simu zinaiweka kwa kugusa mara moja, na hata vumbi, na hata kona zilizokunjika. Ukiikuza, mikwaruzo ya kubandika hupita juu ya kila kitu kwa uzito uleule, na mara nyingi mkwaruzo mmoja hujirudia mahali pawili. Mkwaruzo wa kweli hubandua, na ndani yake huioni tena picha.

Mwaka 1885 hauwezekani kwa sababu mbili ambazo mtu wa Muheza hahitaji kitabu kuzihakikisha. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilipona 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yenye kufika upeo wa macho yalihitaji miaka mingi baada ya hapo. Reli nayo ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893 na kufika kwenu Muheza mwaka 1896. Kwa hiyo treni na mkonge uliokomaa, kwa pamoja, vinatupa karne ya 20, au mwishoni kabisa mwa ile ya 19 kwa aliye mkarimu. Rangi, ikiwa picha ni ya enzi hizo, imetiwa na programu, na programu hukisia: haijui behewa lilipakwa rangi gani, huchagua tu inayopendeza.

Hilo halimaanishi kwamba picha ni ya uongo. Inawezekana ni picha halali kabisa iliyobandikwa mwaka usio wake. Iondoe maandishi ya chini kwa kuikata, kisha uitafute kwa huduma za intaneti zinazotafuta picha kwa picha, na ukikosa, angalia hazina mbili zilizo wazi kwa umma: Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa la Ujerumani, ambako ziko picha za Walther Dobbertin aliyepiga sana nchini mwetu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hazina ya picha za makoloni iliyoko Chuo Kikuu cha Frankfurt. Ukiipata huko, soma maelezo yaliyoandikwa na wenye kuihifadhi, na uyalinganishe na unachokijua kwa macho yako: upande ulipo mlima, mahali reli inapopinda, jina lililoandikwa kwenye ubao wa stesheni. Kisha irudishe kundini ikiwa nyeusi na nyeupe, pamoja na kiungo cha mahali ulipoitoa.